Shule yetu ya umma imeshuka ufaulu na inapoteza wanafunzi: je, nimhamishe mwanangu?

*“Tunaishi katika mji mdogo wenye shule moja ya msingi ya umma. Miaka mitano iliyopita ilikuwa na wanafunzi 240, leo wamebaki 170. Walimu walikuwa 9, sasa ni 7 pamoja na mwalimu mkuu. Mwaka jana watahiniwa wa darasa la mwisho walikuwa 31 wakafaulu 24, yaani asilimia 77. Mwaka huu wamefanya mtihani 22 wakafaulu 12, asilimia 55. Kwenye orodha ya matokeo ya wilaya tumetoka nafasi za juu hadi karibu na mkiani. Wazazi wenzangu wanahamishia watoto shule ya mji jirani, safari ya karibu saa nzima kila asubuhi, na kuna fununu kwamba shule yetu itafungwa au kuunganishwa na nyingine. Binti yangu yuko darasa la nne na mdogo wake anaanza shule mwakani. Naogopa kumwacha kwenye shule inayoporomoka, lakini naogopa pia kwamba nikimtoa nitakuwa nimesaidia kuiporomosha. Nifanye nini?”*

Mzazi mwenzangu, umeleta hesabu pamoja na hofu, na hilo linanirahisishia kukujibu waziwazi. Kwa haya uliyoyaeleza, sioni sababu ya kumhamisha binti yako sasa hivi. Matokeo ya watahiniwa 22 wa mwaka mmoja hayana nguvu ya kubeba uamuzi wa namna hiyo. Ila kupungua kwa wanafunzi kutoka 240 hadi 170 ni jambo zito kuliko hiyo asilimia 55 inayozungumzwa mjini kwenu, na ndilo ningelifuatilia kabla ya kumwandikisha mdogo wake. Wazazi wengi hushtuliwa na ufaulu wakaiacha idadi ipite, kumbe idadi ndiyo inayoamua shule itakuwaje miaka mitatu ijayo.

Tuanze na ufaulu. Kutoka asilimia 77 hadi 55 kunaonekana ni anguko kubwa. Sasa hebu rudi kwa watoto wenyewe. Kama katika wale 22 wangefaulu 17 badala ya 12, shule ingepata asilimia 77 ileile ya mwaka jana. Pengo lote linalowafanya watu wahamishe watoto ni wanafunzi watano. Katika kundi la watahiniwa 22, kila mtoto ana uzito wa asilimia nne na nusu hivi. Mmoja akiamka na homa siku ya mtihani, mwingine akiwa amefiwa wiki hiyo, wawili wakipungukiwa alama mbili tu kufikia kiwango cha kufaulu, tayari asilimia 18 zimeondoka. Shule yenye watahiniwa 400 ikipatwa na mikasa hiyohiyo minne hupoteza asilimia moja, na hakuna mzazi atakayeuliza kitu.

Jambo hili linapimika. Tuchukulie shule inafundisha vilevile kila mwaka, na kila mtahiniwa ana uwezekano wa asilimia 65 wa kufaulu. Kwa kundi la watoto 22, ufaulu unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 45 na 85 katika miaka 19 kati ya 20, bila mwalimu kubadilika, bila kitabu kupotea, bila uzembe wa mtu yeyote. Kwa kundi la 400, masafa hayo hupungua yakawa kati ya asilimia 60 na 70. Hiyo 77 yenu ya mwaka jana na hii 55 ya mwaka huu zote zinaingia ndani ya masafa ya shule ndogo ambayo haijabadilika hata kidogo.

Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walichambua matokeo ya shule za jimbo la North Carolina na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa shule ndogo mwaka hadi mwaka ni ya kupita tu. Haielezi ubora wa shule. Waliona pia kwamba shule ndogo hujaa kwenye ncha zote mbili za orodha, juu kabisa na chini kabisa, kwa sababu hiyohiyo ya uchache wa watahiniwa. Hivyo hata zile nafasi za juu mlizozifurahia mwaka jana huenda bahati ilizibeba kwa sehemu. Shule iliyopandishwa na bahati mwaka mmoja hushuka mwaka unaofuata hata kama kila mtu anafanya kazi yake vizuri, na hapo ndipo watu wanapoanza kumtafuta wa kulaumiwa: mara mwalimu mgeni, mara mwalimu mkuu, mara watoto wa siku hizi.

Sisemi kwamba shule yenu haijashuka. Nasema miaka miwili peke yake haiwezi kukuonyesha. Mwombe mwalimu mkuu, au mjumbe wa kamati ya shule, matokeo ya miaka sita. Jumlisha waliofaulu wote wa miaka mitatu ya mwanzo, ugawanye kwa watahiniwa wote wa miaka hiyo. Kisha ufanye vivyo hivyo kwa miaka mitatu ya mwisho. Makundi ya watahiniwa 80 au 90 hayayumbi kama kundi la 22. Ukikuta tofauti ni ya asilimia mbili au tatu, tulia. Ukikuta ufaulu unashuka mfululizo mwaka baada ya mwaka, na unashuka zaidi katika somo lilelile, hapo kuna habari ya kweli, na unayo haki ya kuuliza nani anafundisha somo hilo na tangu lini.

Kuna jambo la pili ambalo hiyo asilimia haisemi: ni nani waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Umeniambia wazazi wanahamisha watoto. Wazazi wanaoweza kuhamisha mara nyingi ndio wenye nauli, wenye muda wa kufuatilia shule nyingine, na wenye mazoea ya kukagua madaftari jioni. Watoto wao, kwa sababu hizohizo, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kufaulu popote watakapokuwa. Chukua darasa la watoto 30 ambamo 21 wangefaulu. Ni asilimia 70. Wanane wanahama, na saba kati yao ni miongoni mwa wale ambao wangefaulu. Wanabaki 22, watakaofaulu ni 14, asilimia 64. Huko walikohamia kulikuwa na watoto 40 ambao 30 kati yao wangefaulu, asilimia 75. Sasa ni 48 na watafaulu 37, asilimia 77. Shule moja imeshuka, nyingine imepanda, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza zaidi au pungufu. Mwakani wazazi wengine wataangalia namba hizo mbili, wataona ushahidi, nao watahama. Mkondo huu hujilisha wenyewe.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa jambo hilohilo likienda upande wa pili. Uganda ilipoondoa ada ya elimu ya msingi mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2003, idadi ilitoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Wastani wa alama ulipoanza kulalamikiwa miaka iliyofuata, wengi walisema ubora umeanguka. Msongamano wa madarasa ulikuwa wa kweli, na ulidhuru. Lakini sehemu ya mabadiliko ilitokana na kwamba watoto ambao zamani hawakuhesabiwa kabisa, kwa kuwa walikuwa nyumbani, sasa walikuwa ndani ya hesabu. Mtoto aliyeingia shule na kupata alama ya chini ameshusha wastani, ila yeye mwenyewe amepanda kutoka kutokujua kusoma hadi kujua kiasi. Wastani hauna mahali pa kumwonyesha mtoto huyo.

Kwa sababu hiyo, shule yoyote ikikuonyesha ufaulu wa asilimia 100, uliza swali moja: walioanza darasa la kwanza pamoja na hawa walikuwa wangapi? Kama walioanza ni 60 na waliofanya mtihani ni 35, fuatilia hao 25. Wapo wanaohama kwa sababu za kawaida za familia. Wapo pia waliokaririshwa darasa, walioshauriwa “watafute shule inayowafaa,” walioacha shule kimyakimya. Nasikitika kusema kwamba njia rahisi kuliko zote ya kupandisha ufaulu wa shule ni kuwaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani, na mzazi anayechagua shule kwa kutazama orodha peke yake anaweza kuwa anaizawadia tabia hiyo bila kujua. Uliza swali hilo kwa shule ya mji jirani kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Baadhi ya nchi zimeona madhara ya kupanga shule kwa nafasi na zikaacha au kupunguza. Kenya ilitangaza kuacha mwaka 2014, na Tanzania mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Haki nayo inataka niseme upande wa pili. Wales iliacha kuchapisha majedwali ya shule mwaka 2001, huku England ikiendelea, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol baadaye waliona matokeo ya Wales yamezorota ukilinganisha na ya England, hasa katika shule zilizokuwa dhaifu tangu mwanzo. Kwa hiyo sikushauri uyatupe matokeo. Shule isiyoulizwa kitu na mtu yeyote inaweza kulala. Yatumie matokeo kama sababu ya kwenda kuuliza. Yasikufanye uhame kabla hujauliza.

Tangu mwaka 1966, James Coleman na wenzake walipochunguza zaidi ya wanafunzi nusu milioni wa Marekani, inajulikana kwamba tofauti nyingi za alama kati ya shule na shule zinafuata hali za familia kuliko majengo au vifaa. Wapo waliotafsiri kwamba basi shule haina maana. Hapana. Watafiti waliofuata, walipoanza kumfuatilia mtoto mmojammoja mwaka hadi mwaka, waliona kwamba mwalimu ana uzito mkubwa sana, na kwamba walimu wa shule moja hutofautiana mno wao kwa wao. Ndiyo maana England mwaka 2016 ilifanya hatua kuwa kipimo kikuu cha shule za sekondari: mtoto aliingia na kiwango gani, na amefika wapi ukimlinganisha na wengine walioingia na kiwango hichohicho. Ninyi hamhitaji mfumo wa kitaifa kufanya hivyo. Mwalimu wa darasa la nne akikuonyesha alama za darasa zima za mwaka jana na za mwaka huu, kwa watoto walewale, utajua kuhusu elimu ya binti yako mengi kuliko orodha ya wilaya itakavyokuambia.

Sasa tuje kwenye idadi, maana hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Wanafunzi 70 wamepungua katika miaka mitano. Kwanza ijulikane wamekwenda wapi. Kama ni darasa la kwanza ndilo linaloingiza watoto wachache kila mwaka, na hali ni hiyohiyo katika shule za vijiji vya karibu, basi mji wenu una watoto wachache: vijana wamefuata kazi kwingine, au familia zinazaa wachache. Hakuna mwalimu mkuu anayeweza kulitatua hilo. Lakini kama darasa la kwanza linajaa kama zamani na watoto wanaondoka wakifika madarasa ya juu, hao wanakimbia mtihani, na hilo linarekebishika. Rejesta ya uandikishaji inaonyesha hayo yote mawili kwa kila darasa, na kliniki ya watoto inaweza kuwaambia ni watoto wangapi wa umri wa miaka mitatu na minne wapo mjini. Inashangaza jinsi miji mingi inavyojadili kufungwa kwa shule bila mtu hata mmoja kuuliza hesabu ya kliniki ya watoto.

Kisha uelewe kupungua kunaumiza vipi. Katika mifumo mingi ya shule za umma, ruzuku ya uendeshaji na ikama ya walimu, yaani idadi ya walimu walioidhinishwa, hufuata vichwa vya wanafunzi. Lakini wale 70 hawakutoka darasa moja. Wametawanyika, kumi hivi kwa kila darasa katika madarasa saba. Madarasa bado ni saba. Paa ni lilelile, mlinzi ni yuleyule, maji ni yaleyale. Fedha za watoto 70 zimeondoka, na karibu hakuna gharama iliyoondoka nazo. Ukipiga hesabu kijuujuu unaweza hata kudhani mambo yamekuwa mazuri: zamani kila mwalimu alikuwa na watoto 27, leo ana 24. Ni kweli, na darasa dogo lina faida. Jaribio kubwa la jimbo la Tennessee, lililoanza mwaka 1985 na kuendelea miaka minne, liliwagawa watoto kwa bahati nasibu kati ya madarasa ya 13 hadi 17 na ya 22 hadi 25, na watoto wa madarasa madogo walijifunza zaidi, hasa wale wa familia maskini. Ninyi bado hamjafika kwenye madarasa madogo ya aina hiyo, kwa hiyo msitegemee makubwa kutokana na hiyo 24.

Udhaifu wenu uko kwingine. Walimu saba, madarasa saba, na mmoja wa walimu hao ndiye mwalimu mkuu. Maana yake mkuu ana darasa lake la kufundisha, na kila anapoitwa kikao darasa linabaki na kiranja. Mwalimu mmoja akienda likizo ya uzazi, madarasa mawili yanagawana mtu mmoja kwa miezi. Mwalimu pekee anayeijua hisabati ya madarasa ya juu akihamishwa, somo zima limeondoka. Shule yenye walimu 20 humeza pengo kama hilo bila mzazi kutambua. Yenu haina akiba hata ya mtu mmoja. Ningependa ujue kama miaka hii miwili kulikuwa na pengo la aina hiyo kwenye darasa la mwisho, kwa sababu likiwapo, limeeleza matokeo yenu vizuri zaidi kuliko uzembe wowote.

Ikama ikishuka chini ya saba, shule italazimika kuchanganya madarasa mawili chini ya mwalimu mmoja. Wazazi wengi husikia hivyo wakadhani ndio mwisho. Si lazima iwe hivyo. Colombia, kuanzia miaka ya 1970, ilijenga mpango uitwao Escuela Nueva mahususi kwa shule ndogo za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili: watoto husoma kwa makundi wakitumia miongozo iliyoandikwa ili mtoto aweze kuendelea mwenyewe, na mwalimu huzunguka kundi hadi kundi. UNESCO ilipolinganisha nchi za Amerika ya Kilatini mwaka 1997, Colombia ndiyo pekee ambako watoto wa vijijini waliwapita wa mijini, ukiyaacha majiji makubwa sana. Lakini walimu walifunzwa kazi hiyo na miongozo ilikuwapo mezani. Kuchanganya madarasa bila mafunzo wala vitabu kunaishia upande mmoja wa chumba kunakili ubaoni huku upande wa pili ukisubiri. Kwa hiyo ukisikia habari za kuchanganya, uliza mwalimu atafunzwa wapi na lini.

Kuhusu fununu za kufungwa, naomba uzichukulie kwa uzito kuliko matokeo yenyewe, maana fununu zenyewe hudhuru. Mwaka 2013 jiji la Chicago lilifunga shule zipatazo 50 kwa pamoja, sababu kuu ikitajwa kuwa wanafunzi wachache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliripoti mwaka 2018 kwamba watoto walioguswa walirudi nyuma katika kujifunza, na zaidi katika mwaka ule wa tangazo, kabla hata milango haijafungwa. Walimu walikuwa wanatafuta pa kwenda, watoto walikuwa wanaaga, wazazi hawakujua la kupanga. Utafiti wa awali wa watu haohao, mwaka 2009, ulikuwa umeonyesha jambo la pili: watoto wengi wa shule zilizofungwa walipelekwa kwenye shule dhaifu vilevile na hawakufaidika, ilhali wale wachache waliopata shule zenye nguvu walifanya vizuri zaidi. Kuunganisha shule kunaweza kuwa uamuzi sahihi, hasa idadi ikishuka hadi watoto kumi kwa darasa na pasiwe na walimu wa masomo. Lakini usahihi wake unategemea watoto wanapelekwa wapi, wanafikaje huko, na wameambiwa mapema kiasi gani.

Turudi kwa binti yako, ambaye ndiye uliyeniuliza habari zake. Kabla ya yote, mpime mwenyewe. Mashirika ya Uwezo hapa Afrika Mashariki, yakifuata njia iliyoanzia India mwaka 2005, hupima watoto majumbani kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu za kawaida za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Yamekuta mara nyingi watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma hadithi hiyo. Chukua kitabu cha darasa la pili ambacho hajakisoma, mwache asome ukurasa kwa sauti, kisha muulize nini kilitokea na kwa nini. Asiposita sana na akakuelezea kwa maneno yake mwenyewe, shule hiyo unayoiogopa imemfundisha jambo kubwa kuliko yote. Angalia pia madaftari yake ya miezi mitatu: je, kazi inatolewa karibu kila siku, na inasahihishwa, na makosa yanarudiwa? Madaftari yenye alama za vema tupu juu ya majibu yaliyokosewa yananitia wasiwasi kuliko alama mbaya. Halafu nenda shuleni siku usiyotarajiwa, katikati ya asubuhi, uone kama kuna mwalimu darasani.

Uhamisho nao una gharama zake, na wazazi huwa hawazitaji. Tafiti za watoto wanaobadili shule zimeonyesha mara nyingi kwamba wengi hurudi nyuma kidogo mwanzoni, wanapozoea walimu na wenzao wapya. Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi ni saa kumi kwa wiki ambazo mtoto wa miaka kumi angezitumia kulala, kucheza au kusoma. Na kama nusu ya mji wenu imeshahamia huko, uliza darasa la nne la shule hiyo sasa lina watoto wangapi. Huenda unamtoa kwenye darasa la 24 unampeleka kwenye la 60.

Lakini yapo ambayo ukiyakuta, mhamishe. Kama binti hawezi kusoma ukurasa ule na shule haioni kuwa ni tatizo. Kama darasa lake limekaa bila mwalimu kwa zaidi ya muhula mmoja na hakuna tarehe ya kupata mwingine. Kama anapigwa au kunyanyaswa na malalamiko yako hayafanyiwi kazi. Kama mwalimu mkuu anakataa kukuonyesha rejesta na matokeo ambayo ni haki ya mzazi kuyaona. Lolote kati ya hayo linatosha. Ukimtoa, idadi ya shule itapungua kwa mmoja, ni kweli. Hata hivyo mzigo wa kuiokoa shule ya mji mzima hauwezi kuwekwa begani mwa mtoto wa darasa la nne, na wewe usijihukumu kwa kumtanguliza. Wajibu wako kwa shule kama mkazi unaweza kuutimiza kwenye kamati na mikutano, hata mtoto wako akiwa anasoma kwingine.

Mahali pengine barua yangu haifiki na utahitaji mtu wa ana kwa ana. Ikiwa mtoto anasoma kwa shida ilhali wenzake wa darasa hilohilo wanasoma vizuri, apimwe macho na masikio kwanza, kisha aonwe na mwalimu wa elimu maalumu. Kubadili shule hakutatibu jambo hilo na kutalichelewesha. Ikiwa kuna dalili za ukatili, usisubiri kikao cha wazazi, nenda ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Na kuhusu mdogo wake, bado una miezi. Itumie kumwandikia afisa elimu wa wilaya, kwa maandishi na ikiwezekana mkiwa wazazi kadhaa mliotia saini, mkiuliza mambo matatu: kama kuna mpango wowote wa kufunga au kuunganisha shule katika miaka mitatu ijayo, nafasi mbili za walimu zilizo wazi zitajazwa au zimefutwa, na nani atafundisha darasa la kwanza mwakani. Hilo la tatu lina uzito wake. Shule zilizoelemewa na mtihani huwapeleka walimu wao hodari darasa la mwisho na kuliachia darasa la kwanza yeyote aliyebaki, kumbe huko ndiko kusoma kunakojengwa. Mkijibiwa kwamba shule ipo, walimu wanakuja, na darasa la kwanza lina mwalimu anayejua kufundisha kusoma, mwandikishe mdogo hapo, karibu na nyumbani, pamoja na dada yake. Msipojibiwa hadi uandikishaji unaanza, nendeni ofisini kwake na nakala ya barua, na mpaka hapo shikilia nafasi katika shule zote mbili.